Shemeji kapata kibali cha kuwinda mwaka wa tatu, mimi nangoja tangu 2009

Shangazi, salamu nyingi kutoka West Valley City, Utah.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kitui, dereva wa malori, miaka 54, bado natumia grinikadi, sijawa raia. Jambo ninalokuandikia nikilisema mbele ya watu watacheka, kwa hiyo naomba ulisome lote kwanza, ndipo nawe ucheke.

Nilipofika huku 2006 sikujua elki ni mnyama gani, kumbe ni wa jamii ya kulungu. Nilimwona mara ya kwanza usiku kando ya barabara ya I-70, taa za lori zikammulika: mwili kama farasi, shingo nyeusi ya manyoya, pembe zimelala nyuma karibu ziguse mgongo. Akanitazama, kisha akavuka seng'enge kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. 2008 nikafanya kozi ya wawindaji. Septemba ya mwaka huo huo likapigwa lile dume waliloliita Spider Bull, pale mlima Monroe, hapa hapa Utah. Pembe zake zilipopimwa jumla ikafika inchi 478 na 5/8, rekodi ya dunia kwa pembe za aina yake. Picha yake ilibandikwa ukutani kazini, tulipokuwa tukinywea kahawa. Nikajiapia kwamba nitawinda Monroe kabla sijafa.

Lakini Monroe huendi tu na pesa. Vibali vya madume makubwa vimebanwa. Unaomba kati ya Machi na Aprili, unalipa ada, majibu yanatoka mwishoni mwa Mei. Ukikosa unapewa pointi moja, unangoja mwaka mwingine. Nimeomba kila mwaka tangu 2009, isipokuwa 2014 nilipokwenda nyumbani kumzika baba. Leo nina pointi 16. Na sikukaa bure: kwa misimu tisa ya joto nimepanda mlima ule kwa miguu yangu. Najua chemchemi zake, najua madimbwi ya matope ambamo madume hugaagaa, najua mgongo gani wa mlima unakaa upate jua la asubuhi likiwa nyuma yako. Vyote nimeviweka kwenye ramani ya simu.

Sasa, mdogo wa mke wangu. Kijana mzuri, sina neno naye. Alifanya kozi juzi juzi kwa sababu aliniona mimi, akaomba Monroe kwa sababu alinisikia mimi. Mwaka huu ilikuwa mara yake ya tatu. Kapata! Msimu wa bunduki wa Septemba, ule ule ninaoomba mimi, madume yakiwa yanapiga mbinja kuita majike. Mke wangu akapiga vigelegele jikoni. Mimi nikasema hongera, nikatoka nje nikakaa ndani ya lori gizani kama mtu aliyefiwa.

Tangu siku hiyo ananifuata na simu mkononi: "Shemeji, nionyeshe ile ramani." Nimemwambia simu yangu ya zamani iliharibika, ramani ikapotea nayo. Uongo. Wiki iliyopita akaniambia, "Shemeji, usinune. Twende wote, tukilipata dume piga wewe, kibali kibaki kwa jina langu. Nani atajua?" Halafu eti mwakani tuombe kwenye fomu moja, bahati yake inifae na mimi.

Mke wangu anasema nimekuwa mchoyo, na kwamba hizi pointi ni chama ambacho zamu yangu haifiki. Mama yangu kule Kitui akisikia neno kuwinda anadhani nitafungwa, maana Kenya ilipiga marufuku 1977, ingawa babu yangu mwenyewe, baba yake, alikuwa na upinde na podo. Usiku silali vizuri. Goti la kulia nalo limeanza kelele.

Shangazi, niende naye? Nimpe ramani? Niendelee kuomba au niache?

Mwenye Pointi 16

*

Mpwa wangu,

Sijacheka. Nimetabasamu pale kwenye lori, basi.

Tuanze na lile la "piga wewe, nani atajua", tulimalize upesi. Hapana. Kibali ni cha mtu, si cha mnyama. Anayefyatua lazima awe ndiye mwenye jina kwenye karatasi. Utah inahesabu dume lenye matawi sita au zaidi upande mmoja wa pembe kuwa nyara, na kulipiga kinyume cha sheria kunaweza kufika kwenye kosa kubwa la jinai, fidia peke yake ikianzia dola 8,000. Ukinyang'anywa haki ya kuwinda Utah, majimbo mengine nayo yanakufungia, kwa kuwa yana mkataba wa kuheshimu adhabu za wenzao. Na wewe unaishi kwa grinikadi! Kesi ya jinai kwa mtu kama wewe haiishii kwenye faini. Tena milima hiyo ina askari wa wanyamapori wenye darubini nzuri kuliko yako. Shemeji yako ni mgeni wa mambo haya, alisema kwa mapenzi. Wewe una miaka zaidi ya 15 ndani yake na ulipaswa kumkatalia papo hapo. Kwamba hukumkatalia, ukaja kuniuliza mimi, ndiyo inayonionyesha jinsi ulivyobanwa.

La fomu moja nalo ni jepesi. Kwanza haliwezekani: aliyepata kibali cha dume katika vitalu hivi, yaani maeneo ya kuwindia kama Monroe, hapa Utah hukaa nje miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kuomba tena, na pointi zake za elki zinarudi sifuri. Pili, hata ingewezekana, walioomba kama kundi hujumlishiwa pointi zikagawanywa sawa. Zako 16 na zake sifuri zinakuwa nane. Bahati yake isingekufaa, ingekula nusu ya miaka yako.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu naona unajua kila chemchemi ya Monroe lakini droo, ile kura ya vibali, unaiwazia kama foleni ya benki. Mke wako amesema ni chama. Amekaribia. Ila katika chama wanachama wanajulikana, zamu zinajulikana, na anayeingia leo hawezi kukaa mbele yako. Hapa mambo ni mawili yamefungwa kamba moja. Nusu ya vibali vya kila kitalu wanapewa wenye pointi nyingi kuliko wenzao katika walioomba kitalu hicho, kuanzia juu kushuka. Nusu nyingine ni bahati nasibu ya waliobaki: unapata namba moja kwa ombi la mwaka huu na nyingine kwa kila pointi uliyo nayo. Mwaka huu wewe uliingia na namba 16. Yeye aliingia na tatu. Moja katika tatu zake ikaangukia pazuri.

Kwa hiyo hakukuruka. Hakugusa foleni yako kabisa, alipita mlango wa pili, mlango ambao na wewe umeugonga kila mwaka kwa nguvu kuliko yeye. Najua hilo halipozi moyo. Linakusaidia tu usimchukie mtu asiyekuchukulia kitu.

Na foleni yako halisi ikoje? Mbele yako wapo watu walioanza kuweka pointi miaka ya 1990, mfumo ulipoanza. Nikupe mfano wa kubuni, si takwimu za Monroe. Tuseme kitalu kinatoa vibali 10 vya bunduki kwa msimu wa mbinja. Vitano ni vya foleni. Mbele yako wapo watu 150. Hiyo ni miaka 30, mpwa wangu, na sijahesabu yule mzee mwenye pointi 27 aliyekuwa akiomba kitalu kingine, ambaye mwakani anaweza kuamua kuhamia kwenu. Pointi ni za mnyama, si za kitalu, anahama nazo zote na kuketi mbele yako. Ndiyo maana unaweza kuongeza pointi kila mwaka na bado ukaona kilele kiko mbali vile vile. Ni mfumuko wa bei: akiba inakua, bei nayo haikai.

Hawabani vibali kwa ukorofi. Elki walikaribia kuisha Utah, wakarudishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuletwa kutoka hifadhi ya Yellowstone. Leo vitalu kama Monroe vinatunzwa ili madume yazeeke. Kila kitalu kina wastani wa umri unaolengwa kwa madume yanayopigwa, na wawindaji huombwa jino la mbele ili umri usomwe. Dume halipati pembe zile ulizoziona ukutani likiwa na miaka mitatu. Ukitaka madume ya miaka saba, lazima wengi wenye bunduki wakae nyumbani. Wewe ni mmoja wa wanaokaa nyumbani ili madume kama lile la kwenye picha yazeeke. Ni sadaka hiyo, hata kama hukuitoa kwa hiari.

Uendelee kuomba? Ndiyo, ila si hivyo unavyoomba. Kila mwaka idara ya wanyamapori ya Utah inachapisha matokeo ya droo: kila kitalu, kila silaha, kila msimu, walioomba wenye pointi ngapi na waliopata wangapi. Kaa nayo jioni moja, kikombe cha chai pembeni. Tafuta mstari wa pointi 16. Mara nyingi utaona kuwa ile ile milima, kwa upinde au kwa gobore, au kwa bunduki lakini Novemba, baridi ikishaanza, haidai pointi nyingi kama msimu wa bunduki wa Septemba. Tazama pia kitalu cha Wasatch, kipo karibu na nyumbani kwako na kinatoa vibali vingi sana kuliko Monroe. Madume yake hayatatundikwa ukutani kazini kwenu. Lakini yanapiga mbinja vile vile.

Na babu yako je? Mtu wa Kitui mwenye podo angekushangaa: mjukuu wake kangoja bunduki miaka 16 wakati mlango wa upinde uko wazi pembeni. Siku hizi kuna upinde wa roda, unavuta uzito mkubwa kwa sekunde mbili kisha mkono unapumzika kabla ya kuachia. Itabidi ufike mita 30 au 40 kutoka kwa mnyama. Wewe unayajua madimbwi yao.

Wakati huo huo acha kukaa na njaa. Kuna vibali vya kawaida vya madume vinavyouzwa Julai bila droo. Vingine ni vya dume changa lenye pembe moja moja zisizo na matawi, vingine ni vya dume lolote katika vitalu maalumu. Utakaa kwenye foleni ya intaneti, vingine vinaisha siku hiyo hiyo, lakini havigusi pointi zako. Kuna vya majike pia, vina droo yao. Mimi mwenyewe nimepiga majike mawili na friji yangu haikuuliza pembe ziko wapi. (Nasikia wanaume wananung'unika. Nungunikeni.)

Sasa shemeji. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Umepanda Monroe misimu tisa bila kibali. Ramani yako ni nzuri, naamini, lakini hakuna aliyewahi kuwinda kwayo. Hujui kama dimbwi la tatu lina dume Septemba au lina nyayo tu za Julai. Hujui upepo wa saa kumi na mbili asubuhi unafanya nini pale kwenye mgongo wako wa mlima siku ambayo kweli kuna mnyama upande wa pili. Septemba hii kuna mtu wa nyumbani kwako mwenye karatasi halali ya kitalu hicho hicho, silaha hiyo hiyo, msimu huo huo. Unaweza kuwinda Monroe kila kitu isipokuwa kufyatua, na urudi nyumbani pointi zako 16 zikiwa palepale. Wapo wanaolipa pesa nyingi kupata siku kumi za namna hiyo kabla ya kutumia pointi zao.

Na yeye anakuhitaji kuliko anavyojua. Nikusimulie jike langu la pili. Nilimpiga saa moja kasoro asubuhi, kama kilomita tatu kutoka garini, nikafurahi kama mtoto. Nyama ya mwisho iliingia garini saa tano usiku. Tulikuwa wanne. Ngozi yake ukiivuta ni nzito kama zulia lililoloa, na chini yake mvuke unatoka, mikono inateleza, kisu kinabutuka kila baada ya dakika chache. Mguu mmoja wa nyuma, wa jike tu, ulinifanya nikae chini nilipojaribu kusimama na begi mgongoni. Dume zima linapita kilo 300. Lina miguu miwili ya nyuma, mikono miwili, mnofu wa mgongo, shingo, mbavu, halafu kichwa chenye pembe zinazonasa kila tawi. Septemba mchana bado kuna joto, nyama isipotolewa kwenye ngozi na kutundikwa kivulini upesi huanza kuoza kutoka mfupani. Na kuiacha ioze porini ni kosa kisheria, mbali na kuwa ni laana.

Kijana ambaye hajawahi kulala mlimani atalipiga dume hilo saa kumi na mbili jioni chini ya korongo, kisha ataangalia simu isiyo na mtandao. Unataka awe peke yake hapo? Nawe ungekuwa wapi, kwenye lori?

Kwa hiyo nenda. Lakini kabla ya ramani, umalize ule uongo. Usitafute hotuba. Mwambie, "Shemeji, simu haikuharibika." Ataelewa, na kama hataelewa, dada yake atamwelewesha, maana nina hakika mke wako alijua siku ile ile. Kisha mpe ramani yote, usimfiche lile dimbwi zuri. Atakapolikuta mwenyewe, kwa sababu atalikuta, utamwambia nini?

Mengine ni ya kupangana mapema. Petroli na chakula ni vya mwenye kibali. Nyama mgawane kabla hamjapanda, si wakati mmechoka na visu mkononi. Kwetu watu wamekosana kwa mkono wa mbuzi, sembuse elki. Goti lako lisibebe miguu ya nyuma, wewe chukua minofu ya mgongo na fimbo mbili za kutembelea. Tafuta vijana wawili wa kanisani au wa kazini wakae chini wakisubiri kupigiwa. Wote vaeni rangi ya machungwa. Na mwambie shemeji anunue buti sasa, mwezi huu, atembee nazo mtaani, si wiki ya safari.

Usiku wa kwanza mkiwa mlimani, kabla hakujapambazuka, mtalisikia la kwanza. Linaanza chini kama mlango unaolia, linapanda, linakuwa mbinja nyembamba, kisha linakatika kwa mikoromo. Mnyama mkubwa hivyo na sauti kama filimbi! Washawnee, wenyeji wa asili wa Amerika, walimwita wapiti, yaani mwenye matako meupe, jina linalokaa kinywani mwetu kuliko elki, na ukimwona kwa nyuma akiondoka utakumbuka kuro wa nyumbani na duara lake. Shemeji atataka kukimbilia sauti. Mshike mkono.

Mama yako mpigie simu ukiwa tayari na karatasi ya kibali mbele yako, umsomee kwamba ina mhuri wa serikali na jina la mkwe wake. Umweleze kwamba hapa serikali yenyewe ndiyo inayouza. Atakuuliza bei, jiandae kwa hilo.

Ubongo na uti wa mgongo uacheni huko huko, Utah wana ule ugonjwa wa kudhoofisha wanyama wa jamii hii. Ini wengi wa huku hulitupa kwa kutojua. Nyinyi msilitupe. Mkilikuta zima, halina madoa, lifungeni kwenye barafu mwambie mke wako alikaange na vitunguu na pilipili manga jioni hiyo hiyo mnaporudi, na mwaliko wangu ufike kabla ya harufu.

Shangazi